Kinachopotea Ukiianika Hadithi Mtandaoni

Waandishi chipukizi wa Lamu wameishika hofu moja kama dini: ukiiweka hadithi yako Facebook kabla haijawa kitabu, hakimiliki imekwenda na maji. Matokeo yake utamkuta kijana ana riwaya nzima ndani ya simu, ameifungia kwa nywila, hata ndugu anayelala naye chumba kimoja hajapata kuisoma. Mtaa huohuo wa Langoni utamkuta mwingine anamwaga sehemu ya 20, ya 21, ya 22 kila usiku baada ya isha, bila kuandika jina lake popote, akiamini kwamba wasomaji wameshamzoea na kila mtu anajua ni zake. Wanaobishana barazani ni yupi kati ya hawa wawili aliye mjanja wanabishania jambo ambalo sheria ililimaliza zamani, na wanaliacha lile lenye pesa ndani yake.

Nianze na lililokwisha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Sura ya 130, iliyotungwa mwaka 2001, haisemi mahali popote kwamba kazi hupoteza ulinzi ikishaonwa na watu. Hakimiliki huanza pale kazi uliyoitolea jasho inapoandikwa au kurekodiwa. Ukimaliza ukurasa kwenye simu ukiwa ndani ya boti ya kutoka Mokowe, ukurasa ule una mwenyewe kabla boti haijafunga gatini Amu, yaani Lamu. Kusajili ni hiari. Kifungu cha 22 kinasema kwamba kutosajili hakumzuii mtunzi kudai chake. Ulinzi unadumu maisha yako yote, kisha miaka 50 inayohesabiwa toka mwisho wa mwaka utakaofariki, kwa hiyo wajukuu nao wamo. Wala hauishii mpakani. Kenya iliingia Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania mwaka uliofuata, Oman mwaka 1999, na mkataba huo unamtaka kila mwanachama amlinde mtunzi wa nje kama anavyomlinda wa kwake. Hadithi iliyoandikwa Amu ina ulinzi Dar es Salaam, Muscat na New York.

Hata ile alama ya herufi c ndani ya duara si sharti. Marekani ndiyo iliyoing'ang'ania kwa muda mrefu, ikaiachia tarehe 1 Machi 1989 ilipoanza kufuata Berne. Iweke, pamoja na jina na mwaka, maana inamnyima mnakili kisingizio cha "nilidhani haina mwenyewe". Lakini zile laana ndefu zinazoandikwa chini ya simulizi, za kumwombea maradhi atakayenakili, sijaona zikimzuia mtu. Nadhani wengine huzisoma kwa burudani.

Sasa lenye pesa.

Mwandishi anapomuuzia mhariri hadithi fupi, mara nyingi hauzi hadithi yenyewe. Anauza haki ya kuitoa kwa mara ya kwanza. Hakimiliki ni fungu la haki nyingi: ya kunakili, ya kutafsiri, ya kugeuza mchezo wa redio, ya kusoma hadharani, na hii ya kutoa kwanza ni moja tu ndani ya fungu hilo. Nyingine zote unaweza kuzitumia leo na kesho ukazitumia tena. Hii inatumika mara moja. Ukishaibandika hadithi kwenye ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, umeitumia wewe mwenyewe, bure, huku hakimiliki ukiwa bado unayo kamili mkononi. Kijana aliyeficha riwaya yake anaogopa kupoteza kitu kisichopotea. Yule wa sehemu ya 22 amepoteza kitu ambacho hakujua kama alikuwa nacho.

Thamani ya haki hii ilipimwa vizuri katika kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1985, kati ya wachapishaji Harper & Row na kampuni ya jarida la The Nation. Jarida lilipata mswada wa kumbukumbu za aliyekuwa rais, Gerald Ford, kabla haujatoka, likachapisha makala iliyochukua maneno kama 300 ya Ford mwenyewe. Maneno 300 kutoka kitabu kizima. Lakini jarida jingine, Time, lilikuwa limeshakubaliana kununua haki ya kutoa dondoo mwanzo, na lilipoona limetanguliwa likavunja mpango na kukataa kulipa dola 12,500 zilizosalia. Mahakama ikaona The Nation imevunja haki, na ikatia mkazo kwamba mtunzi ndiye wa kuamua kazi yake itoke lini na vipi mara ya kwanza. Kule aliyeivunja haki hiyo alikuwa jarida la watu. Huku kwetu mwandishi anajivunjia mwenyewe, kwa simu yake, kwa bando lake.

Mashindano nayo yana milango yake. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, za maneno 2,000 hadi 5,000, na inataka ambazo hazijachapishwa. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea miswada na vilevile vitabu vilivyotoka karibuni. Kwa hiyo hadithi ileile uliyoianika inaweza kufungiwa mlango huu ikafunguliwa ule. Namna kila shindano linavyolitazama jambo la mtandao nayo hutofautiana, kwa hiyo soma masharti ya mwaka ule unaoshiriki, usitegemee ya mwaka jana uliyoyasikia kwa rafiki.

Je, basi tufiche? Mimi sisemi hivyo. Wachapishaji wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya mapenzi ya kurasa 400 isiyo na nafasi darasani itangoja mezani kwao muda mrefu. Haki ya kutoa kwanza isiyo na mnunuzi haimlishi mtu. Tena magazeti ya Kiswahili yalikuwa yakitoa riwaya kwa mfululizo miaka mingi kabla ya simu, na Andy Weir wa Marekani aliimwaga riwaya yake sura kwa sura, bure, kwenye tovuti yake kabla ya wachapishaji Crown kuinunua mwaka 2013. Mchapishaji akiona wasomaji wapo tayari, husamehe mengi. Kwa hiyo ushauri wangu umegawanyika: hadithi fupi, ifiche, kwa sababu soko lake ni majarida na mashindano, na huko ubikira wa hadithi ndio bei. Riwaya ndefu, imwage, lakini theluthi ya mwisho baki nayo. Mchapishaji akija utakuwa na kitu cha kumpa ambacho hakijaonwa na mtu.

Panapotutia watu wa Lamu kiwi ni WhatsApp. Watu wanane wanaosomeana miswada na kukosoana, kwa wahariri wengi, hawajachapisha kitu. Hilo ni darasa. Kundi ambalo kiungo chake kimebandikwa Facebook na kila anayetuma shilingi 50 kwa M-Pesa anaingizwa, hilo limekwisha kuwa soko, na ukimwambia mhariri baadaye kwamba hadithi haijatoka utakuwa unamdanganya. Katikati ya hayo mawili kuna makundi ya kila namna, na hapo ni kumwambia mhariri ukweli na kumwachia aamue.

Lakini hata kundi dogo lina ila yake. Ukurasa wa wazi wa Facebook unaonyesha tarehe, na ukirekebisha, historia ya marekebisho inabaki. Ujumbe wa WhatsApp ukishafowadiwa unaliacha nyuma jina la aliyeutuma. Kinachosafiri ni maneno yenyewe na alama ndogo ya mshale. Mwaka 2020 WhatsApp iliweka kikomo, kwamba ujumbe uliokwisha kuzungushwa sana upelekwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati. Kasi ilipungua. Jina halikurudi. Kwa hiyo kundi la siri linakutunzia haki ya kutoa kwanza, na papo hapo linakula ushahidi wako.

Watunzi wa tendi wa upwa huu walikuwa na dawa ya tatizo hili, nami sijui kwa nini tumeiacha. Mtunzi alipofika mwisho alitaja jina lake, na mara nyingi hesabu ya beti na tarehe, vyote ndani ya beti zenyewe, kwa vina na mizani. Mnakili aliyetaka kulitoa jina ilimbidi auvunje ubeti, na aliyepunguza beti hesabu ilimuumbua. Hawa walikuwa watu ambao kazi zao zilisafiri kwa mikono ya wanakili kama Muhamadi Kijuma, mwana wa Lamu aliyefariki mwaka 1945, ambaye aliwaandikia miswada hata wataalamu wa Ulaya. Mwandishi wa leo anaweka "Mtunzi: fulani" mstari wa juu kabisa, mahali ambapo kidole kimoja kinaufuta. Litie jina mwilini. Baada ya aya ya tatu, katikati ya sura, mahali ambapo anayenakili kwa haraka hataliona. Na hifadhi rasimu: ile ya mwanzo yenye makosa, ya pili, ya tatu, kwenye barua pepe au kwenye programu inayotunza historia ya uandishi. Mwizi ana nakala safi peke yake. Takataka za njiani unazo wewe.

Ile desturi ya kujitumia mswada ndani ya bahasha iliyofungwa, ili muhuri wa posta uwe shahidi, haiongezi haki yoyote, na bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye. Mwenye wasiwasi na asajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ambayo daftari lake liko mtandaoni. Cheti chake hakikuzalii hakimiliki, ila siku ya mzozo kina uzito kuliko bahasha.

Nieleze lililompata binti mmoja wa Langoni, ambaye huandika kwa jina la bandia. Aliitoa hadithi ndefu kwenye ukurasa wa wazi, juu ya mke wa nahodha anayesubiri jahazi lisilorudi. Mazungumzo yote aliyaandika kwa Kiamu, lahaja ya Lamu: mato, ndia, ndoo hapa (njoo hapa). Baadaye shangazi yake, asiyejua kama mwanawe huyu anaandika, akamtumia kiungo cha simulizi ya sauti YouTube na kumwambia asikilize, kuna mtu anasimulia vizuri sana. Picha ya jahazi wakati wa magharibi, piano ikilia chini kwa chini, sauti nzito ya mwanamume. Mato yamekuwa macho, ndia imekuwa njia, Langoni imekuwa Kinondoni na nahodha amekuwa dereva wa lori. Mwisho msimulizi anawaomba wasikilizaji wabonyeze kengele, na mwenye chochote amtumie kwa namba ya simu inayopita chini ya skrini.

Alipoandika kwenye maoni kwamba hadithi ni yake, maoni yalifutwa.

Kisheria hapa hakuna kitendawili. Kuigeuza hadithi sauti, kuibadilisha na kuipeleka kwa umma ni mambo ya mwenye hakimiliki peke yake, na kumgeuza nahodha kuwa dereva hakumpi msimulizi hadithi mpya. Kisha kuna kifungu cha 32, ambacho watu hawakitaji sana: mtunzi ana haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Haki hizi hazihamishiki akiwa hai, hata akiuza kila kitu kingine. Lakini angekuwa yule msimulizi amechukua wazo tu, mke anayesubiri mume aliyepotea, akaiandika upya kwa maneno yake na matukio yake, hakuna sheria ingemgusa. Wazo halina mwenyewe. Hadithi ya mke wa baharia iko katika kila bandari toka Kismayu hadi Kilwa, na wanaolalamika kwamba "wameibiwa wazo" wanapoteza sauti yao bure.

Kwenda mahakamani kwa simulizi ya YouTube ni gharama ambayo karibu hakuna mwandishi wa kwetu anayeiweza, na anayekushauri hivyo kwanza muulize nani atamlipa wakili. Njia nyepesi ipo. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliongeza katika sheria yetu vifungu vya 35A hadi 35D: mtoa huduma wa intaneti akipokea notisi iliyokamilika anatakiwa aifunge kazi hiyo ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa apate pingamizi. YouTube yenyewe ina fomu yake, isiyohitaji wakili, inayofuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Chaneli ikipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 inaweza kufungwa, ndiyo maana wenye chaneli huogopa fomu hiyo kuliko matusi. Aliyeshtakiwa naye anaweza kupinga, na akipinga mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi. Asipoonyesha, video hurudi.

Ila fomu inataka jina halisi, na jina hilo hupelekewa mwenye chaneli. Kwa binti wa Langoni hilo ndilo lililokuwa zito. Hakimiliki haikunyimi ulinzi kwa sababu unaandika kwa jina la bandia, lakini siku ya kudai lazima mtu mwenye jina ajitokeze, na mji huu ni mdogo, na hadithi ilikuwa ya mapenzi. Akakaa na hilo kwa muda. Mwishowe alimpa kaka yake idhini ya maandishi amwakilishe, jambo ambalo fomu inaliruhusu, na jina lililokwenda ni la kaka. Video iliondolewa. Shangazi bado anauliza imekwenda wapi.

Kuna pingamizi moja ambalo waandishi wa bara hawalisikii lakini hapa Amu hulikwepi. Mzee mmoja pale Mkunguni alinijibu nilipokuwa nikiyaeleza haya: "Ilimu haiuzwi, mwanangu. Maneno ni ya Mngu." Hoja hii si ya kuchekwa, maana imeujenga mji huu, watu wamesomeshana bure misikitini vizazi na vizazi. Lakini wanazuoni wamekwisha kulipitia jambo hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Kuwait mwezi wa Desemba 1988, na azimio lake namba 43 lilitamka kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa kisharia, mwenyewe ana uhuru wa kuitumia, na haijuzu kuivamia. Mzee nilipomweleza hakusema neno, akaagiza kahawa nyingine. Naona tofauti yake na baraza lile ni ndogo kuliko anavyodhani: kutoa bure ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Binti aliyeiweka hadithi wazi isomwe bure alishatoa. Aliyeichukua akaiombea pesa kwa namba yake ya simu hakuwa anasambaza ilimu.

Na tusijisahau sisi wenyewe. Wengi wetu tunaandika upya ngano tulizosimuliwa na bibi zetu kisha tunaweka jina letu juu, kana kwamba sungura na fisi tuliwazaa sisi. Maneno uliyoyapanga ni yako. Ngano si yako, na tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ambayo inaipa jamii yenyewe sauti juu ya matumizi ya urithi huo. Anayemshtaki jirani kwa kusimulia ngano ileile hana kesi.

La mwisho ni fomu za mashindano, ambazo naziogopa kuliko wezi wa YouTube. Masharti ya Facebook yanakuchukulia leseni isiyo ya kipekee, isiyo na malipo, ya dunia nzima. Yanasomeka kwa kutisha, lakini hadithi inabaki yako na leseni huisha ukiifuta, isipokuwa pale wengine walipoishiriki na hawajaifuta. Fomu ya shindano dogo la mtaani inaweza kukuchukulia yote. Kifungu cha 33 kinataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi yenye saini ya mwenye haki, kwa hiyo neno la mdomo haliuzi kitu. Ila siku hizi saini za kielektroniki zinatambuliwa, na vijana wanabonyeza "nakubali" kabla ukurasa haujafunguka vizuri. Tafuta mstari unaosema kazi zote zitakuwa mali ya waandaaji. Ukiukuta, waandikie na uombe usomeke kwamba watatoa hadithi zilizoshinda mara moja, katika kitabu kimoja, na haki nyingine zibaki kwa watunzi. Si lazima wakatae. Mratibu mmoja wa shindano la hapa nilimuuliza anataka hakimiliki ya hadithi za watoto wa sekondari aifanyie nini. Akasema hajui, kifungu kile alikinakili kutoka shindano jingine, na akakifuta palepale mbele yangu.